Bokoboko la Idi katika Mji wa Vinu

Kila ukoo uliotawanyika duniani una chakula kimoja ambacho kikikosekana mezani siku ya Idi, watu hunong'ona kwamba Idi haikuwa Idi. Kwetu chakula hicho ni bokoboko. Mwaka huu wa 2025 nililipika nyumbani kwangu Saint Paul, Minnesota, baada ya muda wa zaidi ya mwaka ambao sikuweza kupika, na sehemu kubwa ya muda huo sikuweza hata kumeza. Jamaa wa Mombasa, Maskati, Dubai na Uingereza walinipigia simu wakaniuliza swali moja: "Lilikuwaje?" Nilichelewa kuwajibu. Mimi niliyelipika sikuijua ladha yake, na nimeona ni vyema nieleze kisa chote kwa maandishi ili na watoto wetu wakipate.

Mwishoni mwa mwaka 2023 niligusa uvimbe shingoni, upande wa kulia, chini ya taya. Haukuuma. Baada ya vipimo nikaambiwa ni saratani iliyoanzia kwenye findo na kufika katika tezi za shingo. Kwa miaka mingi kazi yangu hapa imekuwa ukalimani hospitalini, hasa kwa ndugu zetu waliotoka Kongo ya mashariki ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kuelewana. Maneno niliyoambiwa siku ile nilikwisha kuyatamka mara nyingi kwa niaba ya daktari, nikiwatazama wengine wakiyapokea. Nilidhani mazoea hayo yangenisaidia. Hayakunisaidia kitu. Nilimwomba daktari ayarudie, kama wagonjwa wote wanavyoomba.

Nilipasuliwa mwezi wa Disemba. Kisha ikafuata tiba ya mionzi, mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki sita, nikilala chini ya mashine huku uso wangu umebanwa kwa kinyago cha plastiki kilichofinyangwa kwa sura yangu. Karatasi ilibandikwa kwenye friji yenye safu ya siku 30 na majina ya watu waliojitolea kunipeleka na kunirudisha. Nilipohesabu mwishoni, madereva walikuwa tisa, na wanne kati yao si Waislamu wala si Waafrika.

Katika wiki ya tatu ladha iliondoka. Chumvi ilitangulia, sukari ikafuata, mwisho kila kitu kikawa kama karatasi iliyoloweshwa. Mate yalikauka. Mkono wa kulia nao, kwa sababu ya upasuaji wa shingo, haukuweza kupanda juu ya bega. Madaktari walisema mengi yangerudi polepole, na mengine huenda yasirudi.

Idi ya mwaka 2024 iliangukia tarehe 10 Aprili. Nilikuwa chumbani ghorofani, chakula changu kikipita kwenye mpira uliotiwa tumboni. Chini, binti yangu aliwapokea wageni kwa pilau ya kununua. Nilisikia salamu zao na vicheko vya watoto, na nilisikia wakishusha sauti kila walipokumbuka kwamba niko juu. Niliomba mlango ufungwe. Aliyedhani ni kwa sababu ya harufu ya chakula alikosea, maana harufu haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kuwa mwenye nyumba na wageni wangu wanahudumiwa na wengine. Nililelewa hivyo: nyumbani kwangu mgeni hashiki kitu. Hata aliyetaka kuosha kikombe chake nilimnyang'anya. Kwangu mgeni kushika mwiko ulikuwa mwiko.

Basi nilipoanza kupata nafuu niliweka nadhiri moyoni: Idi inayofuata nitapika mimi, na nitapika bokoboko.

Vijana wetu wasiolijua, bokoboko ni ngano nzima iliyokobolewa, hulowekwa kisha ikachemshwa na nyama kwa saa nyingi mpaka vyote viwili vilainike, halafu hupigwa kwa mwiko hadi punje na nyama zisitambulikane tena. Hupakuliwa kwenye sahani pana, katikati hufanywa kishimo, kikamiminwa samli ya moto. Wengine hutia sukari juu yake, wengine vitunguu vya kukaanga, na ukoo wetu umegawanyika kwa jambo hili tangu siku nyingi. Waarabu hukiita harisi. Ni chakula cha kale: kimo katika kitabu cha mapishi alichokiandika Ibn Sayyar al-Warraq huko Baghdad katika karne ya 10. Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza ujuzi wa kukipika katika orodha yake ya turathi, kwa maombi ya Imarati, Omani na Saudia. Pwani yetu haikutajwa humo, lakini babu zetu walikuja nacho, kikapata jina la Kiswahili na mikono ya Waswahili. Ngano haikuota Unguja. Ilikuja kwa bahari, na ndiyo maana bokoboko lilikuwa chakula cha siku kubwa.

Na ni ajabu ya Mungu kwamba mimi nimekuja kuishi mahali ambapo ngano ndiyo iliyoujenga mji. Minneapolis, ng'ambo ya pili ya mto kutoka kwetu Saint Paul, ilikuwa ya kwanza duniani kwa kusaga unga tangu 1880 hadi 1930, kwa nguvu za maporomoko ya maji ya Saint Anthony katika mto Mississippi. Hata leo watu huuita Mji wa Vinu. Kinu kikubwa cha Washburn kililipuka mwaka 1878 kwa vumbi la unga lililoshika moto, watu 18 wakafa. Kilijengwa upya, na magofu yake sasa yamo ndani ya jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2003. Nimepita pale mara nyingi. Hata hivyo ngano ya bokoboko sikuipata kwenye supamaketi. Niliifuata kwenye duka la Waarabu huko Northeast Minneapolis, na nyama ya mbuzi kwa Wasomali wa Lake Street, ambao ukiwaamkia kwa Kiswahili aghalabu mmoja wao hukujibu, kwa sababu alipitia Nairobi au Mombasa kabla ya kufika huku.

Kupika bokoboko kunataka mambo mawili, ulimi wa kujua chumvi na mkono wa kupiga. Mimi sikuwa na lolote kati ya hayo. Hapo ndipo Bibi yangu aliponijia.

Nilizaliwa Mombasa mwaka 1966, katika nyumba iliyo karibu na Ngome ya Yesu, na Bibi yangu ndiye aliyekuwa mpishi wa nyumba hiyo. Wanazuoni wameruhusu mpishi aliyefunga aonje kwa ncha ya ulimi kisha ateme, iwapo kuna haja. Bibi hakupenda ruhusa hiyo. Ramadhani nzima alipika bila kuonja. Na siku ya mwisho ya mfungo, alasiri, alipoteleka nyama ya bokoboko na kuitia tangawizi, thomu, mdalasini na chumvi, ili kukiingia usiku kazi iwe ni kupiga tu, aliniita mimi niliyekuwa bado sijaanza kufunga. Alinipa mchuzi katika kijiko akasema, "Onja, mwanangu, kisha useme kweli. Usiniogope." Nilikuwa ulimi wake. Nilijivuna sana kwa cheo hicho, na nilisikitika nilipofikia umri wa kufunga akapewa mdogo wangu.

Ilikuwa katika alasiri hizo ndipo Bibi aliponisimulia Idi ya mwaka 1964. Nimeisikia mara nyingi, na sikuielewa mpaka mwaka huu.

Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964, siku chache tu kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Bibi alikuwa Malindi, Mji Mkongwe. Babu alichukuliwa akawekwa kizuizini. Mwezi mzima nyumba ilifuturu kwa walichokuwa nacho, mlango umefungwa kwa komeo. Idi iliangukia katikati ya Februari. Ndani ya debe kulikuwa na ngano iliyobaki, na Bibi aliamua kwamba bokoboko litapikwa, kwa sababu alitaka watoto wajue ni Idi.

Lazima nilitaje hapa jambo ambalo katika masimulizi yetu hupitiwa haraka. Katika nyumba ile, kabla ya mwaka huo, si Bibi aliyepiga bokoboko. Alitia chumvi, akaamrisha, akagawa sahani kwa majirani. Walioshika mwiko ni wanawake waliotumika nyumbani, ambao mama zao na bibi zao waliwahi kuwa watumwa. Utumwa ulikwisha kisheria Unguja mwaka 1897, lakini mazoea ya nani aamrishe na nani achoke hayakwisha siku moja na sheria. Tunayaandika majina ya babu zetu hadi Hadhramaut, baba kwa baba. Majina ya wanawake wale nimeyauliza kwa wazee wote waliobaki, na nimepata mawili, tena bila ya majina ya baba zao.

Mwaka ule hawakuwapo. Bibi alikaa mbele ya seredani na sufuria la bokoboko limewiva, akalipiga kidogo, mkono ukamshinda. Ndipo mlango ulipobishwa. Alikuwa jirani, mama wa Kiswahili ambaye mwanawe alikuwa upande wa walioshinda. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni. Alisema, "Bi mkubwa, leo nani atakupigia bokoboko?" Akaingia, akaketi kwenye kibao, akaushika mwiko. Walipokezana mpaka karibu na alfajiri. Hawakuzungumza siasa. Bibi alisema hawakuzungumza sana hata kidogo.

Baadaye mwaka huo Babu aliachiwa, wakahamia Mombasa, na Bibi hakumwona tena mama yule. Kila alipomaliza kisa hiki alisema maneno yale yale: "Miaka ishirini nikitoa bokoboko kwa watu, usiku ule ndio niliojua uzito wa mwiko."

Turudi Saint Paul. Kabla ya adhuhuri ya Jumamosi, tarehe 29 Machi 2025, habari zilikwisha fika kutoka Saudia kwamba mwezi umeandama na Idi ni Jumapili, na misikiti mingi ya hapa, inayofuata hesabu za falaki, ilikuwa imeshaitangaza siku hiyo. Kenya na Omani waliswali Jumatatu. Ukoo mmoja, Idi mbili. Nayo si ajabu kwetu.

Alasiri ile niliteleka nyama. Ngano kilo moja ilikuwa imelowekwa tangu usiku, mbuzi kilo moja na nusu. Binti yangu na mumewe walikuwa wamefunga. Mimi sikufunga: daktari amenikataza mpaka mate yarudi, na chupa ya maji haitoki mkononi mwangu. Hivyo katika jiko zima, aliyeweza kuonja kihalali hakuwa na ladha, na waliokuwa na ladha hawakuonja. Nikamwita mjukuu wangu wa miaka sita.

Nilimwambia, "Onja, mwanangu, kisha useme kweli. Usiniogope." Maneno yalinitoka kabla sijayafikiri.

Akaonja. Akaniambia ni kama maji. Nikamfundisha neno: haujakolea. Hakuwa nalo, Kiswahili chake ni cha salamu na cha kuomba biskuti. Nikaongeza chumvi. Akaonja tena, akatafakari kama kadhi, akasema, "Bado, Bibi. Haujakolea." Mara ya tatu akaacha kijiko, akatikisa kichwa, akasema, "Umekolea." Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Aliniuliza jinsi ninavyojua wakati wa kutia ngano, na moto uwe wa kiasi gani. Katika miaka yote aliyoishi nami hakuwahi kuniuliza, na hakuwahi kwa sababu sikumpa nafasi. Nilikuwa nikimwondoa jikoni kama nilivyowaondoa wageni. Jioni ile alichukua kalamu.

Baada ya futari wageni walifika, na ndipo ikaja kazi ya kupiga. Binti yangu alikuwa na hoja yake: siku hizi watu hutumia mashine ya kusagia, dakika tano tu. Nilikataa, na nakiri kwamba nilikataa kwa ukaidi tu, kwa kuwa mkono wa kupiga haukuwa wangu. Niliushika mwiko nikajaribu. Nilizungusha mara kumi hivi. Bega likakataa, nikaketi.

Aliyeuchukua kwanza ni mama mmoja wa Barawa, jirani yangu wa zamani, anayezungumza Chimwiini, Kiswahili cha kwao ambacho nikikisikia ni kama kusikia barua ya kale ikisomwa kwa sauti. Hakuniomba ruhusa. Akafuata jirani kutoka Uvira na mkewe, Wakristo, wakipokezana na kucheka. Kisha mzee mmoja wa mtaa wetu, mjukuu wa wahamiaji wa Kinorwei, aliyekuwa dereva wangu wa kila Jumanne. Alivua koti akapiga kwa nguvu kama anayepiga kasia. Lilipoanza kuvutika alichungulia ndani, akasema linamkumbusha chakula cha bibi yake kiitwacho rømmegrøt, uji mzito wa malai unaomiminiwa siagi na kunyunyiziwa sukari, unaopikwa sikukuu. Tulibishana kidogo kuhusu sukari. Nimefurahi kuwaarifu jamaa wa Maskati kwamba Norwei iko upande wetu.

Na mimi? Nilikaa kitini karibu na jiko. Kwa mara ya kwanza katika nyumba yangu mwenyewe nilitazama wageni wakifanya kazi na sikusimama. Sitasema ilikuwa rahisi. Mara mbili nilijishika mkono. Lakini nilikuwa nimeona karatasi ile ya friji yenye majina tisa, na nilijua kwamba watu hawa walikwisha kuniona nikitapika kwenye magari yao. Ni heshima gani niliyokuwa nikiilinda kwa kuwanyima mwiko? Nilimfikiria Bibi usiku ule wa 1964, mlango unabishwa, akiamua kufungua komeo. Zamani nilidhani kisa kile ni cha wema wa jirani tu. Sasa naona kina jambo jingine, nalo ni Bibi kukubali kufungua.

Asubuhi ya Idi tulirudi kutoka kuswali, miti ya mtaa bado haijatoa jani. Tulipakua saa nne. Mombasa ilikuwa saa kumi na mbili jioni, watu wanangoja adhana ya futari yao ya mwisho. Maskati ilikuwa saa moja usiku, wamekwisha kufuturu. Kwa adabu sikutuma picha yoyote Mombasa mpaka nusu saa ilipopita.

Niliketi pamoja na wageni. Bokoboko ni laini. Halihitaji mate mengi, na samli hulishusha kooni. Lilikuwa chakula cha kwanza cha Idi nilichokimeza kwa miaka miwili. Nilihisi joto lake na ulaini wake, mdalasini kwa mbali puani, na ukingoni mwa ulimi kitu kidogo ambacho huenda kilikuwa sukari. Chumvi sikuihisi kabisa. Nilikula sahani nzima.

Basi hili ndilo jibu langu kwa mlioniuliza lilikuwaje. Mjukuu wangu alisema limekolea, nami nimelichukua neno lake.

Nina ombi moja kwenu. Binti yangu ameandika vipimo vyote, na atakayevitaka atapata. Lakini katika karatasi ile tumeacha nafasi juu, kabla ya jina la Bibi, kwa ajili ya wanawake waliopiga bokoboko la nyumba ya Malindi kabla ya 1964. Mawili tunayo. Mwenye kukumbuka jina jingine, hata nusu ya jina, au mwenye kumjua mtoto au mjukuu wao, atuletee tuliandike. Na jina la yule jirani aliyebisha mlango, ambalo Bibi alilitaja mara nyingi nami nilikuwa mtoto nikalisahau, nalo tunalitafuta.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliotutangulia, walioamrisha na waliochoka. Awape afya wagonjwa wetu. Na Idi ijayo, atakayekuwa huku na afike usiku wa kuamkia sikukuu. Mwiko upo, naye atapewa.